Kukaza Adapta ya Lenzi Inayocheza: Lenzi za Nikon F kwenye Kamera za Sony E

Lenzi za Nikon zenye kiungo (pete ya kufungia lenzi kwenye kamera) cha F, kilichoanza mwaka 1959, hukubali vizuri kufungwa kwenye kamera za Sony zenye kiungo cha E, kwa sababu umbali kutoka kiungo hadi sensa, yaani kipande kinachonasa picha ndani ya kamera, ni milimita 46.5 kwa Nikon na milimita 18 tu kwa Sony. Adapta hujaza milimita 28.5 zinazobaki, na kwa kuwa haina kioo ndani yake, hata ile ya bei nafuu haiharibu picha mradi imekaa imara. Nyingi hazikai imara. Ukishika pete ya fokasi lenzi inatikisika, na upande mmoja wa picha unatoka na ukungu.

Mtikisiko huo usidharauliwe. Tundu la lenzi linapofunguliwa sana, hadi f/1.4, kwenye sensa ya fremu kamili, fokasi huvumilia kosa la takriban milimita 0.04 tu mbele au nyuma ya sensa, ilhali karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa takriban milimita 0.1. Kwa f/8, tundu likiwa dogo zaidi, uvumilivu huo huongezeka karibu mara sita, na ndiyo sababu wapo wanaoisifu adapta ileile ambayo wengine wanailalamikia.

Hatua ya 1: Tafuta mahali panapocheza

Usishike bisibisi kabla ya kujua ni kiungo kipi kimelegea. Funga adapta peke yake kwenye kamera, weka ncha ya kidole juu ya mstari ambapo vyuma viwili vinakutana, kisha isukume adapta juu, chini na pembeni. Kidole kitahisi mwendo ambao jicho halioni. Baadaye itoe, uifunge kwenye lenzi nje ya kamera, na urudie jaribio hilohilo. Tofautisha pia aina ya mwendo: kuinama na kuvutika mbele ndiko kunakoharibu picha, lakini kuzunguka kidogo kushoto na kulia hakubadilishi fokasi hata kidogo. Kama adapta yako inazunguka tu bila kuinama, maoni yangu ni kwamba uiache ilivyo.

Hatua ya 2: Kaza upande wa lenzi

Hapa ndipo penye kasoro mara nyingi. Tazama ndani ya adapta kwa upande unaopokea lenzi: utaona masikio matatu ya chuma, yaani vipande vilivyochomoza vinavyoishika lenzi, na kwenye adapta nyingi za bei nafuu kila sikio limepasuliwa kwa ufa mwembamba unaolala sambamba na uso wa adapta. Ufa huo ndio springi yenyewe. Ulimi mwembamba ulio nyuma yake husukuma masikio ya lenzi kuelekea kamera, na hivyo uso wa lenzi hugandamizwa dhidi ya uso wa adapta. Ulimi ukiwa umelala mno, hakuna kinachougandamiza uso huo.

Ingiza bisibisi bapa nyembamba kwenye ufa na uizungushe kidogo sana, kiasi cha kuuona ulimi ukisogea kwa shida. Fanya hivyo kwa masikio yote matatu kwa kiwango kilekile, kisha jaribu lenzi. Rudia kidogo kidogo. Alumini haivumilii kukunjwa mbele na nyuma kama shaba inavyovumilia, kwa hiyo ulimi uliopanuliwa kupita kiasi na kurudishwa mara kadhaa utakatika. Kipimo changu ni mkono: lenzi izunguke kwa ukinzani ulio sawa tangu mwanzo hadi inapojifunga, bila sauti ya chuma kukwaruza chuma. Adapta yenye springi za bati zilizofungwa kwa skrubu ni rahisi zaidi. Fungua, kunja bati kidogo, rudisha.

Kazi hii ifanyike mbali na kamera, na adapta ipulizwe na kufutwa kabla ya kurudishwa, kwani chembe ya chuma ikifika kwenye sensa ni hasara kubwa kuliko bei ya adapta kumi.

Hatua ya 3: Kaza upande wa kamera

Springi za upande huu zimo ndani ya kamera, na sishauri mtu yeyote azikunje. Badala yake, ongeza unene wa masikio ya adapta. Kata vipande vyembamba vya tepu ya alumini au ya poliesta, uvibandike kwenye uso wa kila sikio unaotazama lenzi, ukiacha nafasi mwanzoni mwa sikio ili tepu isichanwe wakati wa kuingia. Springi za kamera zitagandamiza kwa nguvu zaidi, na umbali wa milimita 18 hautabadilika. Usibandike chochote kwenye uso mpana unaokutana na kamera: hapo utakuwa umerefusha adapta, na lenzi haitakaa sawa.

Hatua ya 4: Pima unene

Kwa mikromita (kifaa cha kupimia unene) ya milimita 25 hadi 50, pima adapta sehemu nne kuizunguka. Watengenezaji wengi huifanya iwe fupi kidogo kwa makusudi, ili fokasi ya mbali kabisa ipatikane hata kama kazi yao haina usahihi mkubwa. Ufupi wa milimita 0.1 humaanisha kwamba lenzi ya milimita 50 itaona mbali kabisa pete ikiwa karibu na alama ya mita 25, jambo linalovumilika. Urefu uliozidi kwa kiasi hicho ni mbaya zaidi: lenzi ya milimita 28 haitafika mbali ya takriban mita 8.

Kama upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine, legeza skrubu za pete ya lenzi, weka chini ya upande huo kipande cha foili ya jikoni, ambayo ina unene wa takriban milimita 0.015, kisha kaza skrubu kwa zamu, kila moja kidogo, na upime tena.

Hatimaye elekeza kamera iliyo kwenye stendi kwenye mstari wa majengo ya mbali, fungua lenzi kabisa, kuza picha kwenye skrini, na ulinganishe ukingo wa kushoto na wa kulia. Kisha ishike pete ya fokasi kama unavyoishika kazini na uisukume pembeni huku ukiitazama skrini. Kingo zikibadilika, rudi kwenye hatua ya 2 na upanue ufa kidogo tena.