Meza ya kuandikia kwa sisi wa kwenye baridi

Meza ninayoandikia sasa ni ya pili. Ya kwanza niliiharakisha mwezi wa Aprili, mbao zikiwa bado mbichi, na ilipofika Septemba nyufa kati ya ubao na ubao zilikuwa zinameza kalamu. Nusu ya riwaya niliiandika nikiwa nimetandika magazeti. Kwa hiyo haya nimeyalipia.

Hatua ya 1: Chagua ukuta kabla ya kununua mbao

Huku Mafinga, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kama ilivyo Njombe na Makete, Juni hadi Agosti jua hupita upande wa kaskazini. Dirisha la kaskazini ndilo litakaloingiza jua chumbani wakati wa kipupwe. Kama chumba chako cha kupanga kina dirisha la kusini tu, pole, utavaa koti.

Meza ikae ubavuni mwa dirisha. Ukilikabili, mwanga unakuchoma macho. Ukilipa mgongo, linang'aa kwenye kioo cha kompyuta. Anayeandika kwa mkono wa kulia, mwanga umjie kutoka kushoto asiandike juu ya kivuli chake mwenyewe. Acha upana wa kiganja kati ya meza na ukuta wa nje, maana msimu wa mvua ukuta hutoka jasho na daftari linalougusa huota ukungu.

Hatua ya 2: Mbao

Hapa tuna bahati, msitu wa Sao Hill uko mlangoni na mbao za paini hazikosekani. Ubao mmoja wa inchi 1 kwa 8, wa futi 12, unatoa vipande vitatu vya futi 4. Vipange kando kwa kando: una uso wa meza wa futi 4 kwa 2 kasoro kidogo, kwa sababu randa nayo inakula. Kompyuta, daftari, kamusi na kikombe vinaenea. Miguu na fremu vinatoka kwenye mbao mbili za 2 kwa 4.

Muuzaji atakuapia kwamba zote ni kavu. Nyanyua mbili za kipimo kimoja, chukua iliyo nyepesi. Hata hizo nilizikata, nikazipanga chumbani na vijiti katikati ili hewa ipite, zikakaa wiki sita kabla fundi hajazigusa. Zile zenye rangi ya kijani ziache, ni za kuezekea na zimetiwa dawa ya wadudu. Wewe utalaza mikono juu ya meza hii na kulia maandazi hapo hapo.

Hatua ya 3: Kimo

"Dada, hii ya kula au ya kusomea?" fundi aliniuliza. Nikamwambia ya kuandikia. "Si ile ile tu!"

Si ile ile. Meza nyingi za dukani zina sentimita 75 hivi, na mimi ni mfupi. Kalia kiti utakachokitumia, nyayo zikanyage sakafu, mabega yashuke, kunja viwiko, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Mimi nilipata 68. Mwambie fundi aongeze sentimita mbili. Za kupunguza utazipunguza baadaye.

Hatua ya 4: Kuunga

Hii ni kazi ya fundi, ila simamia mambo mawili. Atumie skrubu badala ya misumari, na matundu ya skrubu kwenye fremu yawe mapana kidogo ili ubao upate pa kusogea unapokauka. Pili, asipige vanishi bado.

Hatua ya 5: Miguu yako

Watu wanahangaika na meza wakati baridi inapandia kwenye saruji. Roald Dahl, aliyefanya kazi Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baadaye aliandikia kwenye kibanda cha bustanini kwake Uingereza, amekaa kwenye kochi, ubao wa kuandikia mbele yake, miguu ndani ya mfuko wa kulalia. Ubao sikumwiga, mfuko nimeuchukua: nimeshona blanketi kuukuu kama gunia. Chini yake kuna kipande cha ubao, juu ya ubao gunia lenyewe la mahindi lililokunjwa mara nne, na ndani naweka chupa ya maji ya moto. Jirani akipita dirishani na "kamwene" yake, salamu ya huku, huwa anacheka sana, lakini naandika kwa saa tatu bila kunyanyuka.

Jiko la mkaa usiingize. Najua kila nyumba huku wanaliingiza. Chumba kikifungwa, mkaa hutoa gesi isiyo na harufu, na inaua watu usingizini.

Hatua ya 6: Iandikie kwanza

Iandikie wiki mbili kabla haijapigwa vanishi. Mabega yangu yaliuma siku ya tatu. Nikampigia fundi, akaja na msumeno, akatoa zile sentimita mbili palepale huku akinung'unika. Ndipo tukapiga msasa na vanishi, Oktoba, kabla mvua hazijaanza.