Kutoa cheni ya saa mwenyewe bila kuikwaruza

Saa ya marehemu baba, Seiko 5, niliipeleka kwa fundi abadilishe mkanda ikarudi na mkwaruzo mrefu kwenye sikio moja (masikio ni zile pembe nne za saa zinazoshika cheni au mkanda), niliumia sana, tangu hapo cheni natoa mwenyewe nyumbani na ukishaizoea haifiki hata dakika kumi.

Cheni inashikwa na vipini viwili vyenye springi ndani, kimoja upande wa namba 12 kingine upande wa 6, ncha zake zimeingia kwenye vitundu vya yale masikio ya saa. Ukibonyeza ncha moja ikarudi ndani cheni inaachia, ndo hivyo tu.

Anza kuangalia masikio kwa nje. Ukikuta tundu limetokeza mpaka nje una bahati, Seiko SKX007 iko hivyo, unasukuma kwa sindano nene basi. Geuza pia uone nyuma, mikanda mingine ya siku hizi ina kijipini kidogo cha kuvuta kwa kucha.

Kama hakuna, tafuta kile kijichuma cha mafundi saa chenye ncha iliyogawanyika kama ulimi wa nyoka, au bisibisi bapa ya miwani ile ndogo kabisa. Fungua loki ya cheni, na ikiwezekana toa kwanza kipini cha pale kwenye loki ili cheni isibaki duara, maana ikiwa duara inakusumbua mkono muda wote. Bandika selotepu kwenye masikio, laza saa kifudifudi juu ya taulo, na fanyia kazi ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kipini kikiruka hukioni tena.

Sasa hapa ndo watu wanapoharibu saa. Ingiza ncha kwa nyuma kati ya sikio na kipande cha mwisho cha cheni, papasa mpaka uguse kijibega cha kipini, yaani ule ukingo mdogo karibu na ncha yake, halafu kivute KUELEKEA KATIKATI ya cheni, usikiinue juu wala usikisukume kwenye sikio, huku kidole gumba cha mkono mwingine kinanyanyua cheni taratibu. Ikigoma usitumie nguvu, hasa sisi wa pwani jasho na chumvi vinagandisha humo ndani, weka tone moja la mafuta ya cherehani uache mpaka asubuhi.

Kabla hujanunua mkanda pima nafasi kati ya masikio kwa rula, nyingi ni milimita 18, 20 au 22. Kipini kilichopinda au chenye kutu tupa nunua kipya, bei yake ndogo na ndicho kinachoshika saa nzima. Wakati wa kurudisha subiri usikie "ta" pande zote mbili kisha uvute mkanda kwa nguvu kiasi ukiwa juu ya kitanda, kabla hujatoka nayo.

Ya baba sasa naivaa na mkanda wa ngozi. Cheni nimeiosha na maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, imekauka, ipo kwenye boksi na vipini vyake nimevifunga kwenye karatasi.