Karakana ya ukili ikikua: namna ya kumtanguliza msukaji kabla ya oda

Tulianza wanne kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Wete, Pemba, tukisuka ukili, yaani mkanda mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkoba. Leo wasukaji na washonaji ni 26, na mikoba yetu inavuka bahari hadi maduka ya Mji Mkongwe na Nungwi. Wanne mnaokaa mkeka mmoja mnaonana usoni, mkikosana mnasuluhishana kabla ya adhuhuri. Wakifika 26, lazima uwepo utaratibu. Kwa niliyoyaona, mtu hujua kama unamthamini pale unapompimia kazi yake na pale unapompangia siku zake. Basi anza na kipimo.

Hatua ya 1: Pigilia misumari miwili ukutani

Ukili huuzwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Zamani kila mtu alijipimia mwenyewe. Tulipoongezeka nikamweka mpokeaji mmoja, kijana mrefu mwenye mikono kama makasia. Hakuna aliyenilalamikia. Siku moja bibi mmoja, ndiye aliyenifundisha kusuka, aliuchukua ukili wake mezani akaupima upya, taratibu, mbele yangu. Zikatoka pima 16. Daftarini zilikuwa zimeandikwa 15. Aliukunja, akaurudisha mezani, akaniangalia bila kusema neno.

Nikaleta utepe wa fundi cherehani. Mikono ya kijana ilikuwa sentimita 195, na pima ya kawaida ni futi 6, kama sentimita 183. Kijana hakuiba, ila mimi nilikuwa nimechukua kazi ya watu miezi mitano bila kuilipia. Nilipitia daftari lote nikarejesha haki ya kila mmoja.

Fanya hivi: pigilia misumari miwili usawa wa kifua, umbali wa sentimita 183. Msukaji mwenyewe azungushe ukili wake, mpokeaji ahesabu kwa sauti. Waandike wote wawili, mmoja kwenye daftari la karakana, mwengine kwenye kijidaftari anachokwenda nacho nyumbani.

Hatua ya 2: Andika bei ubaoni, na kasoro ni za nani

Ukili mweupe, wa rangi na wa nakshi visiwe na bei moja. Kabla ya kupanga bei, kaa na msukaji asubuhi nzima uhesabu saa zake, pamoja na kuchana miyaa, yaani majani ya kusukia, maana kazi hiyo haionekani kwenye mkoba na ndiyo husahauliwa. Mkoba wetu wa wastani unakula pima 6 kabla mshonaji hajashika shazia, sindano yake kubwa.

Kuhusu kasoro, tundika mkoba mmoja mzuri na mmoja mbovu, kila mtu aone tofauti. Rangi ikichuja, hasara ni ya karakana, kwani sufuria la rangi tunachemsha sisi. Usimkate msukaji kwa kosa la jikoni kwako.

Hatua ya 3: Panga kalenda ya watu, kisha upokee oda

Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na zikishawiva, nusu ya wasukaji wangu wako mashambani. Mchumaji hulipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha ujazo, na usiku nyumba nzima inachambua. Nilijaribu mwaka mmoja kuwazuia kwa kuwapandishia bei. Walibaki wachache, wakiwa na nyuso za watu waliofungwa, na kazi ikatoka legelege. Sasa msimu wa karafuu napokea oda ndogo tu, na miyaa ya akiba tunaichana mapema.

Ramadhani tunafanya kazi asubuhi, tunafunga ifikapo adhuhuri, kwa kuwa mchana futari inamsubiri mwanamke huyo huyo. Malipo ya mwezi huo yatoke siku kumi kabla ya Idi. Nguo ya mtoto haingoji sikukuu ipite.

Msiba haupangiki. Kila oda naiongezea wiki mbili, nami humwambia mnunuzi waziwazi kwamba kukifiwa kijijini kazi inasimama. Mmoja alikataa akaenda zake. Wengine wameshazoea.

Hatua ya 4: Pesa imfikie aliyesuka

Muulize kila mmoja faraghani laini ya simu unayomtumia ni ya nani. Kwetu, 7 kati ya 26 walikuwa wakilipwa kwenye laini za waume au kaka zao. Wanne wakaomba fedha taslimu mkononi, na wala sikuwauliza sababu.

Hatua ya 5: Mikataba

Hapa sina mengi. Mambo ya ajira Zanzibar yana sheria yake, Namba 11 ya 2005, kwa hiyo usinakili mkataba wa Dar es Salaam. Wanaokuja kila siku waandikishe ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Wanaosukia nyumbani waeleze mpango wa hiari wa mfuko huo huo.

Hatua ya 6: Tarehe waitoe wao

Wasukaji wachague wawili wa kuwasemea. Oda ikija, naisoma kwa sauti mbele ya wote: idadi, rangi, bei. Kisha natoka nje. Wakimaliza kuhesabu siku wananiita, wananipa tarehe, na hiyo ndiyo ninayompelekea mnunuzi.