Jinsi ya kushinda Madden kama umezoea FIFA

Wengi wetu hapa Busia tumekulia kwenye FIFA, kwa hiyo siku mtu akileta CD ya Madden, gemu ya futiboli ya Kimarekani, pale kibandani kila mmoja anaishika vilevile, anabonyeza vitufe vyote, anatupa mpira mbele kwa yeyote anayeonekana, kabla hajakaa sawa ni 28-0 na sifuri ni yake. Alafu anasema hii gemu ya Wamarekani haina kichwa wala miguu. Iko nayo sana, ila kazi kubwa inafanyika kabla mpira haujaanza kutembea na hapo ndo nataka tukae zaidi, manake vidole vya haraka unavyo tayari.

Sheria haraka haraka kwa ambaye hajui. Kiwanja ni yadi 100, na kila mwisho kuna kipande cha yadi 10 cha kufungia. Ni 11 kwa 11. Mwenye mpira anapewa majaribio manne, wao wanaita dauni, asogee yadi 10, akifika anapewa mengine manne, asipofika mpira ni wa mwenzake palepale uliposimama. Kuingia na mpira kule mwisho ni tachidauni, pointi 6, alafu unapiga teke la pointi 1 au unajaribu kuingia tena kwa pointi 2. Teke la kawaida kati ya milingoti, fildi goli, ni 3. Wale wa ragbi mnaoshinda uwanjani Kyadondo mna mwanzo mzuri, ila hapa pasi ya kwenda mbele ni halali, mara moja tu kwa kila mchezo, yaani kila mpira ukianzishwa, na kwotabeki, yule anayetupa pasi, awe bado nyuma ya mstari mpira ulipoanzia. Na mtu akiangushwa na mpira basi, kila kitu kinasimama, mnajipanga upya.

Hiyo ya kusimama ndo siri yenyewe. Kwenye FIFA unafikiria huku unakimbia, hapa unapewa muda wa kufikiria kabla ya kila mpira, na mtu anayeutumia huo muda anakupiga hata na timu mbovu.

Ukishajipanga usiangalie risiva wako, wale wa kudaka pasi, wao hawaendi popote, umewachagulia njia mwenyewe. Angalia nyuma kabisa ya difensi, wale wanaoitwa masefti. Hesabu wako wangapi juu. Mpango wa ulinzi unaitwa Kava, na namba yake ni walinzi wangapi wanalinda kule mbali. Akiwa mmoja katikati, mara nyingi hiyo ni Kava 1 au Kava 3. Wakiwa wawili wamegawana kiwanja, ni Kava 2 au Kava 4. Ukiona hakuna hata mmoja, jamaa anakutumia watu wote, hiyo ni blitzi, na mpira lazima utoke mkononi mwako kabla hujapumua.

Swali la pili, wanakaba mtu kwa mtu au wanalinda maeneo? Hili wengi hawalijui na jibu ni la bure kabisa. Chukua risiva mmoja umvushe kutoka upande huu mpaka ule kabla hujaanzisha. Mtu wa difensi akimfuata mpaka ng'ambo, ni mtu kwa mtu. Wakisogea kidogo tu kila mmoja akabaki kwake, ni zoni. Mchezaji mjanja anaweza kukudanganya, anaonyesha hivi alafu anageuza mpira ukianza, lakini kibandani wajanja wa namna hiyo ni wachache sana.

Tuseme ni dauni ya tatu, bado yadi 7, uko kwenye yadi yako ya 40. Umepanga shotigani, yaani kwotabeki amesimama nyuma kidogo, risiva watatu kulia na mmoja kushoto. Sefti ni mmoja juu. Unamvusha yule wa ndani wa kulia aende kushoto, na kuna mtu anamkimbilia unyounyo mpaka ng'ambo. Umeshapata jibu, ni Kava 1. Sasa usitupe mrefu katikati, sefti anasubiri zawadi hiyo. Unachotaka ni njia zinazokatana, meshi, risiva wawili wanapishana karibu kugusana yadi chache tu mbele ya mstari, wale wanaowakaba wanagongana au mmoja anachelewa hatua mbili, na hatua mbili zinatosha kabisa. X ya kuanzisha, hesabu moja, mbili, alafu bonyeza na USHIKILIE kitufe cha yule aliyechomoka. Kushikilia kunatoa pasi ya nguvu iliyonyooka, ukigusa tu mpira unapaa polepole na lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wao wa mbele, anaufikia kama aliagiza. Naona watu wanapoteza mipira kila siku kwa ajili ya kugusa badala ya kushikilia, wanalaumu gemu.

Ungeona zoni na sefti mmoja, yaani Kava 3, mambo yanabadilika. Hapo makona, walinzi wa pembeni, wanarudi nyuma, watu watatu wanagawana sehemu yote ya mbali, kwa hiyo kule karibu pembeni panabaki na mlinzi mmoja. Tumia kali-flati, risiva wa nje anakimbia mbele alafu anageuka kukuangalia, wa ndani anatoka kwenda pembeni karibu na mstari. Mtazame yule mlinzi mmoja peke yake. Akimfuata wa pembeni, tupa kwa aliyegeuka, akibaki na aliyegeuka, tupa pembeni. Chochote anachochagua amekosea! Kava 2 nayo ina mashimo mawili, moja katikati ya masefti wenyewe, lingine pembeni nyuma ya kona na mbele ya sefti, ila hilo la pembeni linafunga haraka, ukichelewa umeshaliwa.

Kukimbia na mpira ni hesabu ya mtoto wa primari. Hesabu wanaume wa difensi waliosogea karibu na mstari pale katikati. Wakiwa sita au chini, mpe rani beki akimbie. Wakiwa saba kwenda juu na wewe huna wazuiaji wa kutosha, pita juu yao kwa pasi. Usikimbie kwa sababu umechoka kutupa.

Sasa kuna shida ambayo mafunzo ya Wamarekani hayaigusi sana kwa sababu kila mmoja yuko kwake na TV yake. Sisi tunacheza wawili TV moja, na nyuma kuna wapambe wanne wanaosoma skrini yako na kumnong'oneza mwenzako. Dawa yake, chagua mpangilio mmoja unaoupenda, tuseme hiyo shotigani ya watatu kulia, na ndani yake jifunze michezo mitano tu, mmoja wa kukimbia, meshi, kali-flati, mmoja mrefu wa risiva wanne kwenda moja kwa moja, na mmoja wa kudanganya kwamba unakimbia alafu unatupa. Mtu akikuona umejipanga haoni kitu, kila siku sura ni ileile. Alafu ukiona difensi imekaa vibaya kwa ulichochagua, kwenye PlayStation mraba unabadilisha mchezo mzima na pembetatu unabadilisha njia ya risiva mmoja, hapohapo kwenye mstari. Kuwa na michezo mia usiyoielewa hakusaidii.

Upande wa difensi nitakwambia kitu ambacho wataalamu watanipinga. Wao wanasema shika lainibeka wa kati mwenyewe, ulinde pale katikati, na ni kweli, huko ndo unatakiwa ufike. Lakini kama unaanza, shika mtu wa mstari wa mbele. Akikosea mtu wa mbele, kompyuta bado inalinda nyuma. Ukikosea na sefti, ni tachidauni ya yadi 60 na kelele za kibanda kizima. Ukishazoea kuona pasi inakwenda wapi ndo urudi kwa lainibeka.

Na kama unatafuta sababu ya kupenda hiyo nafasi ya mbele, kwenye Madden za zamani za PS2 na PS3, za kuanzia Madden 07, chukua New York Giants utamkuta Mathias Kiwanuka. Ndiyo, Kiwanuka wa kwetu, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, baadaye Jaji Mkuu mpaka watu wa Amin wakamchukua 1972. Mathias mwenyewe amezaliwa Indianapolis, Giants walimchagua raundi ya kwanza timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2006, na Februari 2012 alikuwa uwanjani walipowafunga Patriots 21-17 kwenye Super Bowl, fainali yao. Mimi nikiona ile jezi naacha kila kitu nampeleka kwa kwotabeki.

Jaribio la nne, banange, hapo ndo pesa zinaisha. Watu hawataki kuachia mpira, wanaona aibu. Ukiwa kwenu nyuma na bado yadi nyingi, upige mpira teke uende mbali, mwenzako aanzie kwake mbali huko. Ukiwa karibu, piga hesabu ya fildi goli, chukua yadi uliyopo upande wa mwenzako ongeza 17, manake kuna zile 10 za mwisho na 7 hivi za kurudi nyuma anaposimama mpigaji. Uko yadi ya 30, teke ni la 47, piga. Uko ya 45, hilo ni la 62, achana nalo. Na kabla ya kupiga jua pedi yako, za kibandani analogi imelegea, zingine zinavuta kushoto zenyewe, kwa hiyo ingia na pedi mbili mkononi uzijaribu kwenye menyu kabla hujatoa sarafu.

Mazoezi fanya kwenye sehemu ya mazoezi ya gemu yenyewe, haitaji intaneti. Ultimate Team, ile ya kujenga timu kwa kadi za wachezaji, ndo inataka intaneti, na inakula bando na hela ya kadi, mimi siishauri kwa mtu anayelipia data.

La mwisho ni saa, na hapa ndo utagombana na marafiki. Pasi ikianguka saa inasimama, mtu akitoka nje ya mstari dakika za mwisho inasimama, akiangushwa ndani inaendelea kutembea. Kila timu ina taimu auti tatu kwa kila kipindi cha kwanza na cha pili, na wengi wanazimaliza mapema kwa hasira. Ukiwa mbele, kimbia na mpira, baki ndani ya mstari, na usianzishe mpaka sekunde za kujipanga zibaki moja au mbili. Zikibaki chini ya dakika mbili, una dauni ya kwanza, na mwenzako hana taimu auti hata moja, chagua ule mchezo wa kwotabeki kupiga goti. Piga goti, subiri, piga goti, subiri, mpaka sifuri. Atasema umeiba, atataka mrudie, mwambie aweke sarafu yake.