Kumkirimu Shoga Yako Idd Pili, Hoteli ya Raskazone

Idd mosi huliwa nyumbani. Kuna pilau, kuna majirani, kuna watoto wanaopita kutaka mkono wa Idd. Ukimtoa mtu kwake siku hiyo, umemharibia sikukuu. Mtoe Idd pili. Ila kabla hujapiga simu hotelini, muulize sitta ya Shawwal, zile saumu sita za baada ya Ramadhani, ataianza lini, maana wanawake wengi hapa Tanga huiunganisha mara tu Idd mosi ikipita. Usimwalike mtu aliyekwisha kunuia saumu.

Unapoweka meza, taja tarehe mbili: moja ikiwa mwezi umeandama ishirini na tisa, nyingine ikiwa tumetimiza thelathini. Waombe wakuthibitishie kwa ujumbe wa simu. Omba pia meza ya nje, upande wa ghuba, mbali na kaunta ya pombe. Ukiwa hapo hapo kwenye simu, uliza kama jikoni hupikwa nguruwe. Ni swali la kawaida, wala hawachukii.

Saa nzuri ni baada ya kuswali Alasiri. Idd huja na mwezi mchanga, na mwezi mchanga huja na bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana. Asubuhi ya saa nne au saa tano ghuba huwa imekupwa, matope matupu. Ukifika saa kumi na nusu maji yamejaa, jua limepoa, na Kisiwa cha Toten unakiona vizuri. Mtu aliyeshinda mwezi mzima jikoni akipika futari anastahili kukaa mbele ya maji yaliyojaa.

Bamvua hiyo hiyo ndiyo inayofunua miamba, wachokoaji wakapata pweza. Lakini wavuvi wengi hupumzika Idd mosi, kwa hiyo piga simu tena asubuhi ya Idd pili uulize kilichoingia leo, si kilichomo kwenye friza. Kama pweza yupo, mwagize saa hiyo hiyo, wa nazi. Pweza hataki haraka. Akiharakishwa mtatafuna mpaka Magharibi. Kamba kochi, yule kamba mkubwa wa miambani, huuzwa kwa uzito, basi uliza bei ya kilo na umwone akipimwa kabla hajaingia jikoni. Aliyepikwa akiwa hai mkia hujikunja; ukiletewa mwenye mkia ulionyooka na nyama inayomong'onyoka, mrudishe kwa upole. Na kama shoga yako kamba humwasha, hayo yote acha, chukueni samaki changu wa kupaka.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Mgeni akifungua menyu, jicho lake huenda kwenye bei kabla ya chakula. Ataagiza chipsi na soda, aseme ameshiba, na wewe utarudi na pesa zako hujamkirimu mtu. Kwa hiyo menyu usimwachie peke yake. Wewe ndiye uagize kwanza, na uagize cha juu, ukiwasemea nyote wawili: "Tuchukue kochi mmoja tule pamoja, na pweza, na wali wa nazi." Akianza kusema ghali, mwambie kimeshaagizwa tangu asubuhi. Msiagize vingi kuliko hivyo. Tumbo lililotoka kufunga mwezi mzima hushiba upesi, na sahani zinazorudi nusu humtia mgeni aibu.

Vilevile, anza wewe kuomba maji ya kunawa. Weka uma kando, ule kwa mkono. Ukifanya hivyo naye ataukunjua mkono wake, na kochi haliki vizuri kwa kisu.

Bili isifike mezani. Ukifika tu, mwambie mhudumu pembeni kwamba unalipa wewe, na muulize kama bei za menyu zimeshaingia VAT, kwa sababu asilimia 18 juu ya kochi si kitu kidogo. Kabla ya chai ya mwisho inuka kama unakwenda kunawa, ulipie kaunta, na bakshishi umpe mhudumu mkononi.

Kisha kuna watoto wake. Usiwafungie mabaki. Unapolipia, agiza kuku na chipsi vya watoto, vifungwe vya moto, uvipakie kwenye bajaji pamoja na mama yao.