Kusoma sosholojia na saikolojia chuoni bila kuyachanganya

Katika semina za mwaka wa kwanza ninazoongoza hapa Dar es Salaam, alama nyingi hupotea kwa njia moja: swali ni la sosholojia, jibu ni la saikolojia. Mtu anaulizwa kwa nini vijana wa mtaa fulani wanaacha shule, anajaza kurasa tatu kwamba hawajitambui. Kwa hiyo ukiyasoma masomo haya kwa pamoja, anza kwa kuyatenga.

Chukua dereva wa bodaboda. Kofia ngumu anayo, kaitundika kwenye usukani, kichwani hana kitu. Saikolojia inamwangalia yeye mwenyewe: hatari anaionaje, amezoea nini, wenzake wa kijiweni wakimcheka anafanyaje. Sosholojia inauliza pikipiki ni ya nani, hesabu ya jioni ni shilingi ngapi, yuko kwenye mkataba au ni deiwaka (kibarua wa siku), na trafiki husimama barabara ipi. Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari wa wima, upande mmoja andika "mtu", wa pili "kundi", na kila mada ya wiki ipitishe humo. Muhula wa kwanza usiunganishe pande hizo hata ukishawishika. Kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, fanya vivyo hivyo: kabla ya kujibu, andika kando ya swali kama linataka mtu, kundi, au vyote viwili.

Waasisi usiwakariri kwa orodha ya majina. Wawili wanatosha kukuonyesha njia. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alifungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, akawa anamkalisha mtu mbele ya vifaa na kupima, kwa mfano, anachukua muda gani kuitikia sauti. Mwaka 1897 Émile Durkheim wa Ufaransa akachapisha utafiti kuhusu kujiua, jambo ambalo wengi tungeliita siri ya moyo wa mtu. Yeye alilinganisha takwimu za makundi: Waprotestanti na Wakatoliki, waliooa na wasiooa. Mhadhiri yeyote akianza kuzungumza, jiulize anafuata njia ya nani.

Kuhusu kusoma makala za utafiti, nina msimamo mkali: madesa, yaani zile notisi za mkato zinazozungushwa chuoni, yasiwe chakula chako kikuu. Desa litakwambia kuwa kwenye jaribio la utii la Stanley Milgram, ambapo mtu aliamriwa kumpiga mwenzake shoti za umeme (za kuigiza, bila yeye kujua), washiriki 26 kati ya 40 walifika hadi volti 450, na litaishia hapo. Wewe anza na sehemu ya mbinu. Hao 40 walikuwa nani? Wanaume watupu, wa New Haven na maeneo ya jirani, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sasa una insha: je, matokeo hayo yanamhusu mama muuza samaki wa Feri, soko la samaki la hapa Dar? Na usidhani kila kitu kilianzia ng'ambo. Mary Ainsworth, ambaye kila kitabu cha makuzi ya mtoto humtaja kwa kazi aliyoifanya Baltimore, alianza kwa kutembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala katikati ya miaka ya 1950, akikaa majumbani kuwatazama mama na watoto wao. Insha ya Mtanzania inayomtaja Ainsworth bila kuitaja Uganda hunikera.

Takwimu. Waliotoka HKL na HGL, michepuo ya sanaa ya kidato cha tano na sita, huja wakidhani hesabu wameshaziaga. Hazijaagika. Chukua umri wa wanadarasa kumi, tafuta wastani na mchepuko sanifu (kipimo cha namna namba zilivyotawanyika kuuzunguka wastani) kwa kalamu na karatasi, ndipo ufungue SPSS, programu ya takwimu. Asiyejua kinachokokotolewa hawezi kujua kompyuta ikimpa jibu la ajabu.

Ukifika sura ya magonjwa ya akili, utayaona yote kwa unayeishi naye chumba kimoja. Nyamaza. Shahada ya kwanza haikupi ruhusa ya kumpima mtu. Mwenye shida mpeleke kwenye ushauri nasaha wa chuo.

Kazi ya uwandani ndiyo raha ya masomo haya, na ndiko haraka inakoponza. Barua ya utambulisho ya chuo ipeleke kwa mtendaji wa kata, naye atakuelekeza kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijiweni nenda mchana, abiria wakiwa wachache. Asubuhi unawapotezea watu riziki. Salimia, kaa, eleza unachotafuta, waambie kuwa anayetaka kuacha katikati ana haki hiyo. Jina usiandike. Dodoso lijaribu kwanza kwa watu wachache, maana swali kama "Je, huwa unavaa kofia ngumu?" litakuletea "ndiyo" tupu. Uliza: "Safari yako ya mwisho jana, ulivaa?" Kisha simama kando ya barabara kwa saa nzima, uhesabu kwa macho yako. Mdomo na macho vikipishana, hapo ndipo ripoti yako inapopata cha kusema.

Madodoso yaliyojazwa yafungie kabatini hata ukishakabidhi ripoti, mpaka matokeo yatoke. Msimamizi anaweza kuyadai.