Namna ya kufanya uchunguzi wa maoni katika kata yako ya Kigoma na kuupeleka kwenye mdahalo

Matokeo ya uchunguzi wa maoni yakishatoka, kinachosambaa ni asilimia peke yake. Swali lililoulizwa, tarehe lilipoulizwa na idadi ya waliofunga mlango hubaki kwenye makaratasi ya ofisini. Nasimamia wadodosaji mkoani Kigoma, na vikundi vya vijana, asasi na redio za jamii huniuliza wafanyeje ili wapate "takwimu zao" kabla ya mdahalo wa wagombea. Jibu langu ni kwamba kupata takwimu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha takwimu hizo zinawafanya watu wajadili mambo yao, badala ya kubishana nani anaongoza.

Mwongozo huu ni wa uchunguzi mdogo: kata moja au halmashauri moja, watu wapatao 400, dodoso la dakika ishirini.

Hatua ya 1: Andika ni maoni ya nani mnayatafuta

Kwa sensa ya 2022 Mkoa wa Kigoma una watu karibu milioni 2.5, na maisha yao hayafanani. Mvuvi wa Kibirizi, mkulima wa kahawa wa Buhigwe na mwenye duka Mwanga hawana shida moja. Uchunguzi wa kata moja ya Ujiji hauwezi kuisemea Kakonko hata ukifanywa kwa ustadi wote. Kwa hiyo andikeni sentensi moja kabla ya lolote: "Watu wa miaka 18 na kuendelea wanaoishi katika kata hii." Sentensi hiyo ndiyo itakayosomwa hadharani siku ya mdahalo.

Kasulu na Kibondo amueni mapema jinsi mtakavyoshughulika na kambi za Nyarugusu na Nduta. Wakimbizi hawapigi kura, na kuingia kambini kuna taratibu zake za kibali. Halafu kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui: huku kwetu usimwulize mtu mlangoni kama ni raia. Waha wa vijiji vya mpakani wameulizwa swali hilo mara nyingi mno na watu wenye mamlaka, na ukilianza wewe, mahojiano yamekwisha hapo hapo. Uliza umri, uliza anaishi hapo tangu lini, na kama mada ni uchaguzi, uliza kama amejiandikisha kupiga kura.

Hatua ya 2: Vibali, na makubaliano na anayelipa

Fikeni ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa wenyeviti wa mitaa au vitongoji. Utafiti rasmi unahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Msidharau hatua hii. Mwaka 2018 taasisi ya Twaweza ilitoa matokeo yaliyoonyesha kuwa kukubalika kwa utendaji wa Rais kumeshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 71 mwaka 2017, na 55 mwaka huo wa 2018. Badala ya nchi kujadili kwa nini watu wamebadilika, mjadala ukawa kibali cha utafiti. Mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ikabanwa, na mwaka 2019 ikalegezwa tena. Karatasi yenye mhuri inamnyima mpinzani wenu nafasi ya kukwepa hoja.

Na anayelipa asaini kabla kazi haijaanza kwamba matokeo yatatolewa yote, yampendeze au yamchukize. Mgombea anayetaka kuyaona kwanza ili aamue kama yatoke, mrudishieni fedha zake.

Hatua ya 3: Chagua watu bila kuwachagua

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watangazaji hupenda kufungua simu na kuhesabu waliopiga: "Wasikilizaji wetu asilimia 80 wanasema..." Kura za kwenye makundi ya WhatsApp ni hivyo hivyo. Wingi wa waliojibu hauponyi kasoro hiyo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitoka kwenye orodha kama za wenye simu na wenye magari, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, aliyehoji watu wachache zaidi kwa mbali, alimtaja mshindi sawasawa.

Fanyeni hivi. Gawanyeni kata katika vituo 40, kila kituo watu 10. Mtaa wenye kaya nyingi upate vituo vingi, wenye kaya chache upate vichache. Ombeni orodha ya kaya kwa mwenyekiti. Isipokuwepo, tembeeni mkahesabu milango. Tuseme eneo la kituo lina kaya 180 na mnataka 10: gawanyeni, mnapata 18. Andikeni namba 1 hadi 18 kwenye vikaratasi, chukueni kimoja bila kuangalia. Kikitoka 7, mnaanza kaya ya 7, kisha ya 25, ya 43, mpaka mwisho. Msimamizi afanye hivyo, si mdodosaji, kwa sababu mdodosaji akiachiwa atafuata nyumba za kando ya barabara na zisizo na mbwa.

Ndani ya kaya, anayefungua mlango si lazima awe mhojiwa. Mahojiano moja mwanamke, linalofuata mwanamume, kwa zamu. Ikiwa ni zamu ya wanawake, andika wanawake wote wa miaka 18 na zaidi wanaolala hapo, kila mmoja na namba yake kwenye kadi, kisha kadi moja ichukuliwe bila kuangalia. Utaratibu huu wa zamu unatumiwa pia na Afrobarometer, mtandao wa uchunguzi wa maoni barani Afrika, na bila huo utaishia na maoni ya baba wenye nyumba. Aliyeteuliwa asipokuwepo, rudini mara mbili. Msimchukue jirani kwa kuwa yupo na ni mchangamfu.

Hatua ya 4: Fuata saa za watu

Giza la mwezi likiingia, wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani. Asubuhi utakuta wamelala, na wanawake wako kwenye vichanja wanaanika. Ukienda Katonga au Kibirizi saa tatu asubuhi wiki hiyo utarudi na sampuli isiyo na wavuvi, kisha utasimama redioni kuzungumzia uvuvi. Nenda alasiri, au panga siku za mbalamwezi wanapopumzika. Vijiji vya Kasulu na Buhigwe wakati wa kulima, nenda jioni. Gulioni usihoji mtu: anayepita pale hujui anatoka wapi.

Hatua ya 5: Swali lisimsukume mtu

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, na mjadala ulikuwa mkali kila mwalo. Hebu tazama maswali mawili juu ya jambo hilo hilo:

"Je, unaunga mkono ziwa kupumzishwa ili samaki wazaliane?"

"Je, unaunga mkono wavuvi kuzuiwa kutafuta riziki kwa miezi mitatu?"

Mtu mmoja anaweza kusema ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, na kila upande ukapata asilimia yake ya kupigia kelele. Swali langu lingekuwa: "Wapo wanaosema ziwa lifungwe kwa muda kila mwaka, wapo wanaosema lisifungwe. Wewe uko upande gani, au huna msimamo?" Pande zote mbili zimetajwa, na asiye na msimamo amepewa nafasi.

Jibu la "sijui" lisomwe na liandikwe. Mdodosaji anayembana mtu mpaka ataje upande anatengeneza maoni ambayo hayakuwepo.

Mpangilio nao una nguvu. Ukianza na bei ya unga na shida ya maji, halafu ukauliza "diwani wako anafanya kazi vizuri?", umeshamwandaa mtu akasirike. Swali la jumla juu ya viongozi litangulie, shida zifuate. Swali muhimu kuliko yote kwangu liwe wazi bila majibu ya kuchagua: "Ni jambo gani kubwa ungetaka wagombea walizungumzie?" Andika maneno ya mhojiwa kama yalivyo.

Vijijini wazee wengi huongea kwa uhuru zaidi kwa Kiha. Tafsirini dodoso lote mapema, mkae pamoja mkubaliane neno kwa neno, kisha mkalijaribu kwa watu kumi walio nje ya sampuli. Kila mdodosaji akitafsiri kichwani mwake, mmeuliza maswali tofauti kwa idadi ya wadodosaji mlionao.

Hatua ya 6: Ondoa hofu, na uipime

Mwenyekiti wa mtaa akishawatambulisha, mwombeni aondoke kwa heshima. Mbele yake hakuna atakayesema barabara ni mbovu. Swali la "ungempigia nani kura" msiliulize kwa mdomo. Mpe mhojiwa karatasi na bahasha, aweke alama mwenyewe, afunge, atumbukize kwenye mfuko pamoja na nyingine.

Mwisho wa mahojiano ulizeni: "Unadhani nani ametutuma?" Afrobarometer huuliza hivyo. Linganisheni waliosema serikali au chama na waliosema asasi. Majibu yao juu ya viongozi yakitofautiana sana, semeni hivyo wazi mnapotoa matokeo. Mtafiti wa Ujerumani Elisabeth Noelle-Neumann alieleza mwaka 1974 kwamba anayejiona yuko peke yake hunyamaza, na kunyamaza kwake kunawafanya wenzake nao wajione wapweke. Uchunguzi uliofanywa kwa siri unaweza kuwaonyesha kwamba ni wengi. Ukifanywa mbele za watu, unazidisha ukimya ule ule.

Hatua ya 7: Hesabu

Kiwango cha makosa, yaani kiasi ambacho asilimia yenu inaweza kuachana na hali halisi, kipatieni kwa njia rahisi: gawanya 100 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa. Watu 400, kipeuo ni 20, kwa hiyo asilimia 5 juu au chini. Watu 1,600 ni 2.5. Ukubwa wa kata au mkoa hauna athari ya maana hapo. Lakini kwa kuwa mmehoji watu kumi kumi wanaoishi jirani, na majirani hufanana, kwa 400 semeni 6.

Pengo kati ya wagombea wawili lina makosa makubwa zaidi. Mmoja akipata 46 na mwingine 42 katika watu 400, pengo lingehitaji kufika kama pointi 9 ndipo mseme yupo anayeongoza, na zaidi ya hapo mkihesabu ule ujirani. Hilo la 46 kwa 42 litangazeni kuwa wanakaribiana mno kutofautishwa. Vivyo hivyo mkiwatoa wavuvi 60 na kuwazungumzia peke yao, makosa yanafika 13.

Wanawake wakizidi kwenye sampuli, rekebisheni kwa uzito. Tuseme sensa inaonyesha ni 52 kati ya 100 na nyie mmepata 65: kila mwanamke ahesabiwe 0.8, kila mwanamume 1.37.

Hatua ya 8: Ukurasa mmoja wa maelezo

Nani alilipa, tarehe za mahojiano, wangapi walihojiwa, wangapi walikataa, walichaguliwaje, maneno kamili ya kila swali, asilimia ya "sijui", kiwango cha makosa. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodai maelezo ya namna hii na inayozuia kutangaza matokeo siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Jiwekeeni mpaka kama huo wenyewe. Matokeo yakitoka usiku wa kuamkia uchaguzi, hakuna tena muda wa kuyahoji.

Hatua ya 9: Mezani na wagombea

Septemba 2015 Twaweza ilitangaza kuwa John Magufuli ana asilimia 65 na Edward Lowassa 25. Uchunguzi ulikuwa wa simu, na wahojiwa walikuwa wamepewa simu ili maskini wasiachwe nje. Oktoba matokeo rasmi yakawa zaidi kidogo ya 58 kwa karibu 40. Mshindi alitajwa sawa, pengo likawa dogo mno kuliko lilivyotarajiwa. Ninachokumbusha waandaaji ni mazungumzo ya vijiweni wiki zile: nani kawalipa, nani kahojiwa, mbona mimi sikuulizwa. Maji, shule na bei ya mazao vilisahaulika.

Kwa hiyo, siku ya mdahalo, takwimu za nani anaongoza zisiwepo kabisa. Mwongozaji aanze na lile swali la wazi. "Katika watu 400 wa kata hii, waliotaja maji ni wengi kuliko waliotaja kitu kingine chochote. Swali lilisomeka hivi." Alisome swali lote, ndipo ataje asilimia, kisha ampe kila mgombea muda ule ule: utafanya nini, kwa fedha gani, kufikia lini? Mgombea akisema "wananchi wote wako nami", mwongozaji amsomee asilimia ya wasio na msimamo na amwulize ana neno gani kwa hao. Akishambulia uchunguzi, apewe ule ukurasa mmoja aonyeshe kasoro iko wapi. Akiionyesha kweli, ikubalini hewani.

Baada ya mdahalo, pelekeni nakala kwa kila mwenyekiti wa mtaa mliopita, na msome matokeo kwenye mkutano wa wananchi, kwa Kiha panapohitajika. Madodoso yatunzwe kwenye kabati lenye kufuli. Orodha ya kaya na majina ichomwe mara tu ukaguzi wa kazi ukikamilika, msimamizi akishuhudia, kabla mtu yeyote hajafika kuiomba.